Mashine zimekuja, jicho langu nilipeleke wapi?

BARUA YA MSOMAJI

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 47, mtaalamu wa maabara katika hospitali moja mkoani Tabora. Jina la hospitali naomba lisitajwe. Niliajiriwa mwaka 2003 nikiwa na stashahada, na kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yangu imekuwa kusoma slaidi. Wagonjwa wengi huiita hadubini darubini, ndiyo maana hata sokoni naitwa Mama Darubini.

Niieleze kazi yenyewe kidogo ili uelewe ninachokililia. Slaidi ya malaria unachoma kidole, tone la kwanza unalifuta, la pili unalipaka liwe tone nene, unaliacha likauke kivulini kwa sababu ukilianika juani damu inajikaanga na haisafishiki. Unaweka rangi ya Giemsa ya asilimia 10 kwa dakika 10. Ukiwa na nafasi unatumia ya asilimia 3 kwa nusu saa au zaidi, inatoka safi. Unasuuza taratibu, unakausha, unatia mafuta, unasoma kwa lenzi ya 100. Huwezi kuandika "hakuna vimelea" kabla hujapita fildi 100, yaani yale maduara unayoyaona kwenye lenzi. Ukivikuta unavihesabu mpaka ufikishe chembe nyeupe 200, kisha unazidisha mara 40 upate idadi kwa kila mikrolita. Msimu wa mvua tulikuwa tunasoma slaidi sitini hadi sabini kwa siku, sisi wawili. Makohozi nayo yalikuwa hapo hapo, unapasha rangi mpaka itoe mvuke bila kuchemka, unaosha kwa asidi, unatafuta vijiti vyekundu vya kifua kikuu.

Leo yamebaki machache. Malaria wanapima manesi huko huko kwa wagonjwa wa nje kwa mRDT, kile kipimo cha haraka. Makohozi yanaingia kwenye GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya kifua kikuu. Damu inapita kwenye mashine ya FBP, inayohesabu chembe zote za damu, dakika moja au mbili karatasi imetoka na namba zote. Majibu yanaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta, daktari anayaona akiwa chumbani kwake. Slaidi zinazofika mezani kwangu ni tano, siku nyingine mbili. Saa nne asubuhi hadubini nimeshaifunika kitambaa.

Kutwa nabandika lebo kwenye chupa, narudisha damu zilizoganda, napokea simu za wodini na kuingiza majibu. Hapo ndipo ninapoumbuka. Naandika kwa kidole kimoja. Namba ndogo za lebo mpaka nizisogeze mbali ndipo nizione, na kwenye skrini mstari wa juu unaniingilia wa chini. Cha ajabu, kwenye hadubini naona kama nilivyoona nikiwa na miaka 25, kwa hiyo najua si macho, ni kichwa kimezeeka. Mwezi uliopita niliingiza Hb, yaani wingi wa damu, ya mtu mmoja kwenye jina la mwingine. Mama mjamzito mwenye 6.8 akaonekana ana 11.2. Daktari alimwona mgonjwa alivyopauka, akapiga simu, tukasahihisha. Hakuna aliyedhurika, lakini tangu siku hiyo mikono inatetemeka kila nikikaa mbele ya kompyuta.

Mkuu wetu wa maabara ni kijana wa miaka 29 mwenye shahada. Hajawahi kunivunjia heshima, ananiita mama. Ila kuna jambo linaniumiza. Wiki tatu zilizopita alikuja mrina asali, katoka msituni, homa inakwenda na kurudi karibu wiki mbili, kichwa kinamgonga. mRDT imepimwa mara mbili, hasi. Nikasema nipake slaidi. Kijana akajibu kuwa foleni ni ndefu, na mwongozo unasema mRDT ikiwa hasi tutafute sababu nyingine, tusirudie malaria. Nikanyamaza. Yule mtu akapewa dawa za maumivu na antibiotiki, akarudi kwao. Namuwaza mpaka leo.

Sasa tumeambiwa tuchague kabla ya mwisho wa mwezi. Naweza kubaki kwenye dawati la kupokea sampuli na mfumo, nikipewa mafunzo ya wiki tatu ya kompyuta na GeneXpert. Au nihamie chumba cha damu salama, ambako kuna zamu za usiku. Wakati huo huo kliniki moja binafsi mjini imeniomba nikawasomee slaidi, wanalipa kwa kila slaidi. Mume wangu anasema niache yote, tuongeze ekari za tumbaku na bani moja la kuikaushia.

Je, nimalizie miaka yangu nikibandika lebo? Na nikibaki, nimwombeje kijana niliyemzidi miaka 18 anifundishe kompyuta bila kujishusha?

Wako, Mama Darubini, Tabora

MAJIBU YA MSHAURI

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na nitakwenda nayo taratibu. Ila kabla ya ajira yako, tuanze na yule mrina asali, kwa sababu yeye hawezi kusubiri mwisho wa mwezi.

Umetaja msitu, homa inayokwenda na kurudi, kichwa, na mRDT hasi mara mbili. Hukuandika neno malale, ule ugonjwa wa usingizi, lakini nadhani ndilo lililokuwa kichwani mwako. Mkoa wenu una historia ndefu ya ugonjwa huo, na misitu ya miombo anakorina asali mtu yule ndiko waliko nzi wanaoueneza, ndorobo, au mbung'o kama vitabu vinavyowaandika. Malale ya upande wetu wa Afrika, yaletwayo na kimelea kiitwacho Trypanosoma brucei rhodesiense, hayakawii. Ni suala la wiki na miezi, na bila dawa yanaua. Vipimo vya haraka vya malale vilivyopo vimetengenezwa kwa aina ya Afrika Magharibi na Kati. Kwa aina hii ya kwetu, jibu linapatikana kwa kumwona mdudu mwenyewe chini ya lenzi.

Jina lake na kijiji chake vimo kwenye rejista. Kesho asubuhi mpelekee mganga mfawidhi, akiwa pamoja na mkuu wako, ili zahanati ya kule au mhudumu wa afya ngazi ya jamii amtafute na kumrudisha. Akifika, wewe unajua cha kufanya kuliko mimi: tone bichi la damu chini ya kigae cha kioo, lenzi ya 40, uangalie kama kuna kitu kinasukumasukuma chembe nyekundu, tone nene la Giemsa, na mirija myembamba ya damu izungushwe kwenye sentrifuji, usome pale kwenye utando wa chembe nyeupe, kwani vimelea hukusanyika hapo. Ikitoka hasi irudiwe kesho yake na keshokutwa, maana idadi yao kwenye damu hupanda na kushuka. Slaidi hiyo hiyo inaweza kukuonyesha vimelea vya homa ya papasi. Huenda ukakuta si lolote kati ya hayo, huenda mtu amepona zamani. Lakini atafutwe.

Nikubaliane pia na kijana wako mahali alipokuwa sahihi. mRDT ikishatoka hasi mara mbili, kuendelea kuitafuta malaria tu au kumpa mtu dawa ya mseto "kwa usalama" ni makosa, na mwongozo unamuunga mkono. Ninachojiuliza ni hiki: ulimwambia unatafuta nini? Kwa jinsi ulivyoandika, ulisema "nipake slaidi", na kwa mtu aliyesoma siku hizi slaidi maana yake ni malaria. Yeye alikataa kurudia malaria. Hukumpa nafasi ya kukataa au kukubali malale. Sikulaumu, foleni ilikuwa ndefu na ulikuwa umeshaanza kujihisi mtu wa pembeni. Nataja tu kwa sababu ukimya ule umeuhesabu kama ushahidi kwamba jicho lako halitakiwi tena, na mimi sidhani kama ndivyo ilivyokuwa.

Sasa macho. Umeandika kwamba kwenye hadubini unaona kama zamani, lebo unaisogeza mbali, na mistari ya skrini inaingiliana. Kisha ukahitimisha kwamba kichwa kimezeeka. Mdogo wangu, hebu tulichunguze hilo. Kuanzia miaka ya arobaini na kitu lenzi ya jicho hukakamaa, ikashindwa kujikunja kwa vitu vya karibu. Ni jambo la kila mtu. Lakini hadubini imeundwa ili picha imfikie msomaji kana kwamba iko mbali sana, na jicho huitazama bila kujikaza. Unazungusha kitufe, picha inakaa sawa, jicho halikudai kitu. Ndiyo maana msomaji wa slaidi anaweza kuwa na uoni hafifu wa karibu kwa miaka na asijue. Lebo na skrini hazina kitufe cha kuzungusha. Nenda kitengo cha macho hapo hapo hospitalini upimwe, na umwambie anayekupima umbali halisi wa skrini yako, kwa sababu miwani ya kusomea kitabu na miwani ya kutazama kompyuta si lazima ziwe namba moja. Kisha ndipo tuzungumze kuhusu kichwa.

Kuandika kwa kidole kimoja kunatibika kwa mazoezi ya dakika ishirini kwa siku. Majibu mengi ya maabara ni namba, kwa hiyo usianze na herufi. Anza na kile kibao cha namba kilicho upande wa kulia wa kibodi. Kitufe cha 5 kina alama iliyoinuka kidogo: weka kidole cha kati hapo, cha shahada juu ya 4, cha pete juu ya 6, na uingize namba za rejista ya zamani bila kutazama vidole. Herufi zikifuata, F na J nazo zina alama kama hiyo, ndipo vidole vya shahada vinapokaa. Kama nyumbani hakuna kompyuta, kibodi ya waya inaunganishwa na simu kwa kile kiunganishi kidogo wanachouza wauza vifaa vya simu, simu nyingi zinakubali. Ukiona vidole vinakwenda, mfumo wenyewe utakuwa mwepesi.

Kosa la yule mama mjamzito ni jambo tofauti, maana hata mwandishi hodari wa mashine angelifanya. Linatokea pale majibu ya watu kadhaa yanaporundikwa mezani na kuingizwa mfululizo. Fungua mgonjwa mmoja, soma jina pamoja na namba ya sampuli, linganisha na karatasi ya mashine, ingiza, hifadhi, funga, ndipo umguse mwingine. Usiingize jibu kwa kutamkiwa na mtu. Omba majibu yasitoke kwa daktari mpaka mtu wa pili ayathibitishe, na yale ya hatari, kama Hb ya 6.8, yapigiwe simu wodini papo hapo mbali ya kuingizwa. Tena una kinga ambayo wapya wengi hawana. Hb ukizidisha kwa 3 inakaribia hematokriti, yaani asilimia ya damu iliyo chembe nyekundu. Karatasi ya yule mama ingekuwa na hematokriti ya kama 20. Ungeingiza FBP yote badala ya Hb peke yake, 11.2 kando ya 20 ingekugomea machoni.

Nije kwenye kidonda chenyewe. Slaidi za malaria kama mkate wa kila siku hazirudi, na nisingekutendea haki nikikuambia vinginevyo. Shirika la Afya Duniani lilipotaka mwaka 2010 kila homa ipimwe kabla ya dawa, zahanati isiyo na umeme ingesoma slaidi kwa taa gani? mRDT iliokoa watu wengi waliokuwa wakimezeshwa dawa ya mseto kwa kukisia. Makohozi nayo, hadubini huhitaji bakteria wapatao elfu kadhaa kwenye mililita moja ndipo uwaone, GeneXpert inawanasa walio wachache zaidi mara nyingi, na inakuambia kama wamezoea rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu. Una haki ya kuusikitikia ustadi uliouchonga miaka ishirini. Usiharakishwe kuumaliza msiba huo.

Lakini nikiitazama kazi uliyoieleza, naona shughuli nyingi zilizokuwa ndani ya mikono ya mtu mmoja, na mashine imechukua za katikati. Kupaka rangi, kusoma, kuhesabu, hizo zimekwenda kwa sehemu kubwa. Za mwanzo na za mwisho zimebaki, na zimekuwa nzito kuliko zamani. Wewe unaita kubandika lebo. Tuangalie kinachoamuliwa hapo.

Mgonjwa analeta mate badala ya makohozi. Msomaji wa slaidi angeyaona mate chini ya lenzi, akaomba mengine. Mashine haikatai, itapima mate na kuandika kwamba kifua kikuu hakikuonekana, na mtu atarudi nyumbani akiambukiza wanawe. Anayeweza kuzuia hilo ni aliye dawatini, akishika kikopo na kuangalia kama yaliyomo ni mazito na yanafika angalau mililita moja. Kisha kitendanishi cha kuyayeyusha, mara mbili ya ujazo wa makohozi, unatikisa, unaacha dakika 10, unatikisa tena, unaacha dakika 5 yawe majimaji kabisa, ndipo mililita 2 zinaingia kwenye katriji, kile kikasha cha kipimo kinachotumika mara moja, bila mapovu. Ukiharakisha, makohozi yakabaki mazito, mashine inakuletea kosa namba 2008, shinikizo limezidi. Ujazo ukipungua au povu likaingia, mara nyingi unapata 5007. Umeme ukikatika katikati na betri ya akiba imechoka, hakuna jibu, na katriji imekwenda na maji. Katriji zinataka joto lisilozidi nyuzi 28, mashine yenyewe isizidi 30, na Oktoba ya Tabora unaijua. Kichujio cha feni kisiposafishwa, vumbi lenu litaiziba. Mtu aliyezoea kuchuja Giemsa, kupima maji yake yawe pH 7.2 na kumwaga iliyobaki jioni, tayari ana tabia hiyo mikononi. Waliochunguza ubora wa maabara wanakubaliana tangu zamani kwamba sehemu kubwa ya makosa hutokea kabla sampuli haijafika kwenye kipimo.

Na jicho lako bado lina mahali, ingawa ni pembamba. Mgonjwa wa malaria kali aliyelazwa anahitaji vimelea vihesabiwe kila siku, mRDT haihesabu. Aliyemaliza dawa ya mseto na homa ikarudi baada ya wiki mbili hawezi kuaminiwa kwa mRDT, kwa sababu protini inayonaswa na kipimo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa hata vimelea vikiwa vimekufa. Anayetumia dawa za kifua kikuu hufuatiliwa kwa makohozi ya hadubini mwezi wa 2, wa 5 na wa 6, maana GeneXpert inanasa vinasaba vya bakteria waliokufa pia. FBP ikionyesha chembe sahani, zile za kugandisha damu, chache mno, lazima mtu apake damu na kutazama kama zimegandana tu kwenye chupa. Hizo ndizo slaidi tano zako. Ni chache, lakini karibu kila moja ni swali ambalo mashine imeshindwa kulijibu.

Je, hayo yanatosha kumfanya mtu aamke asubuhi kwa miaka 8 hadi ustaafu kwa hiari ukiwa na 55, au 13 hadi 60? Sijui, na hilo ni lako kulipima. Dawati linaweza kabisa kuwa lebo na simu tupu. Kabla ya kulikubali au kulikataa, omba majukumu yake yaandikwe. Nani ana mamlaka ya kukataa sampuli? Nani anaamua slaidi ipakwe mashine ikileta jibu la kutiliwa shaka? Nani anafanya usafi wa mwezi wa GeneXpert na kutunza kumbukumbu za makosa yake? Wewe ukiandikwa kwenye hayo, ni kazi moja. Akiandikwa mwingine na wewe ukabaki na karatasi za kubandika, ni kazi nyingine kabisa, ingawa kiti ni kile kile. Hatari nyingine ni kwamba slaidi tano kwa siku haziwezi kulilinda jicho lako. Mkikubaliana kuwa sehemu ya slaidi zilizotoka hasi zirudiwe na msomaji wa pili bila kuona jibu la kwanza, na kisanduku cha slaidi zenye majibu yanayojulikana kiwepo cha kufanyia mazoezi, utabaki na makali. Shirika la Afya Duniani lina utaratibu wa kupima wasomaji wa slaidi za malaria kwa ngazi nne, ya kwanza ikiwa ya juu. Uliza kwa mratibu wa maabara wa mkoa kama kuna nafasi, na uulize pia kama inakuhesabia pointi za leseni yako kwenye Baraza la Wataalamu wa Maabara.

Chumba cha damu salama umekipitia kwa neno moja, zamu za usiku. Ningekuomba ukitazame tena. Kupanga makundi na kulinganisha damu ya mtoaji na ya mpokeaji bado kwa sehemu kubwa ni kazi ya mkono na jicho: unatikisa, unaangalia kama chembe zimeshikana, na ukikosea mtu anaweza kufa kitandani. Inafanana na ulichokuwa ukikipenda kuliko unavyodhani. Usiku ni usiku, hata hivyo, na mwili wa miaka 47 unaudai.

Kliniki ya mjini naiona inavyokuvuta, maana wao wamekuomba wakati wengine wamekuacha pembeni. Malipo kwa kila slaidi ndiyo yanayonitia wasiwasi. Fildi 100 za slaidi hasi zinakula dakika tano hadi kumi. Ukilipwa kwa slaidi, mfuko wako utaanza kukusukuma upite fildi thelathini. Palipo na duka la dawa ndani ya kliniki, jibu la "malaria moja" huwa linapendwa kuliko "hakuna vimelea", na atakayeweka saini ni wewe. Waulize Giemsa inachanganywa mara ngapi, slaidi ngapi kwa siku kwa msomaji mmoja, nani anarudia kusoma za kwako, na kama maabara imesajiliwa na Bodi ya Maabara Binafsi za Afya. Uliza pia wakinunua mashine ya FBP mwakani wewe utafanya nini. Kama unafikiria kwenda kwa saa za ziada ukiwa bado mtumishi wa umma, kibali cha mwajiri kitangulie.

Na tumbaku. Shemeji anakutakia mema, naamini hivyo. Pembejeo huchukuliwa kwa mkopo kupitia chama cha msingi na hukatwa kabla fedha haijakufikia, na mvua ya mawe ya siku moja inaweza kuondoka na majani ya msimu. Nenda PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, na kitambulisho, omba taarifa ya michango yako, uulize mafao yatakuwaje ukiacha leo na lini yataanza kulipwa, kwa sababu anayeacha kazi mwenyewe kabla ya 55 asitegemee pensheni ianze kesho yake. Mkae na karatasi hiyo mezani, wewe na yeye, ndipo mzungumzie ekari.

Limebaki swali lako la mwisho, la kumwomba kijana akufundishe. Unaogopa kwenda kwake mikono mitupu. Basi usiende mikono mitupu. Nenda na rejista, kidole kikiwa kwenye jina la yule mrina asali, mapema kabla foleni haijaanza. Unaweza kumwambia: "Mwanangu, siku ile nilisema slaidi, sikukwambia nilikuwa nawaza malale. Naomba tumtafute huyu mtu. Akija, kaa na mimi kwenye hadubini nikuonyeshe tone bichi linavyosomwa, maana siku nikiondoka sitaki uachwe nalo peke yako. Na mchana, ukipata nusu saa, kaa na mimi kwenye kompyuta. Ile Hb niliyokosea bado inanitetemesha, nataka unionyeshe polepole, usinifanyie, unionyeshe tu."

Maneno ni yako, yabadilishe yafanane na mdomo wako. Miwani iwe imeshapimwa kabla ya hiyo nusu saa.